Lizzie Borden: aliachiwa na mahakama, akahukumiwa na magazeti

KWA vizazi kadhaa watoto wa Marekani wameruka kamba huku wakiimba wimbo mfupi unaodai kwamba Lizzie Borden alimpiga mama yake mapigo 40 ya shoka, kisha akampiga baba yake mapigo 41. Wimbo huo una makosa karibu katika kila neno. Mwanamke aliyeuawa hakuwa mama yake bali mama wa kambo. Majeraha aliyokutwa nayo yalikuwa 19, na ya mumewe yalikuwa 10 au 11. Na huyo anayetajwa kuwa muuaji alifikishwa mahakamani, akashitakiwa, akaachiwa huru.

Hata hivyo, wimbo umedumu kuliko hukumu. Kesi ya Lizzie Borden ilikuwa miongoni mwa kesi za mwanzo za mauaji nchini Marekani kufuatiliwa na nchi nzima siku hadi siku kwa njia ya telegrafu, na sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo kuihusu ilipita kwanza mikononi mwa waandishi na wahariri. Anayetaka kuujua ukweli wa mauaji hayo hana budi kuyasoma magazeti ya mwaka 1892 na 1893. Na magazeti hayo hayo ndiyo yaliyochapisha uongo mkubwa kuliko wote katika kesi hiyo.

Lizzie Andrew Borden alizaliwa Julai 19, 1860, mjini Fall River, jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo za pamba, uliojaa wahamiaji kutoka Ireland, Ureno, Uingereza na Canada. Mama yake mzazi, Sarah, alifariki dunia mwaka 1863, mtoto akiwa hajatimiza miaka mitatu. Dada yake Emma, aliyemzidi kwa miaka tisa, ndiye aliyekuwa naye karibu kama mlezi. Mwaka 1865 baba yao, Andrew Borden, alimwoa Abby Durfee Gray, mwanamke wa miaka 37 ambaye alikuwa hajawahi kuolewa.

Andrew alianza maisha bila mali ya kutajika. Aliuza samani na majeneza, akanunua majengo ya kupangisha, hatimaye akawa mkurugenzi katika kampuni kadhaa za viwanda na rais wa benki ya akiba. Mali aliyoiacha ilikadiriwa kufikia dola 300,000, utajiri mkubwa kwa zama hizo. Lakini alikuwa mkono wa birika. Wakati matajiri wenzake walijenga kwenye mtaa wa kilimani, yeye aliendelea kukaa Second Street, karibu na maduka na kelele za mji, katika nyumba isiyo na bafu.

Binti zake walikua humo bila kuolewa, wakiishi kwa posho ya baba. Lizzie alifundisha watoto wa wahamiaji kanisani, alishika nyadhifa katika chama cha vijana Wakristo, na mwaka 1890 alisafiri Ulaya pamoja na wanawake wenzake wa mji huo. Kwa macho ya majirani alikuwa mtu wa kanisa na mwenye heshima zake.

Ndani ya nyumba mambo hayakuwa shwari. Mwaka 1887 Andrew alinunua sehemu ya nyumba ili kumsaidia ndugu wa mkewe. Binti zake walikasirika, wakaona kwamba mali yao imeanza kuhamia upande wa pili. Ili kuwatuliza, baba aliwapa nyumba ya zamani ya babu yao, ambayo waliirudisha kwake kwa kumuuzia dola 5,000 majuma machache kabla ya mauaji. Lakini donda halikupona. Tangu ugomvi huo, Lizzie aliacha kumwita Abby mama, akawa anamtaja kwa jina la ukoo tu kama mtu wa nje.

Asubuhi ya Alhamisi, Agosti 4, 1892, Emma hakuwepo mjini. Mjomba wao, John Morse, aliyekuwa mgeni nyumbani hapo tangu jana yake, alitoka kwenda kutembelea jamaa. Kwa mujibu wa madaktari, Abby aliuawa yapata saa 3:30 asubuhi katika chumba cha wageni ghorofani. Andrew alirejea kutoka mjini karibu saa 4:45 na kujinyoosha kwenye kochi. Baada ya saa 5:00 kidogo, Lizzie alimwita mtumishi wa ndani, Bridget Sullivan, msichana kutoka Ireland aliyekuwa amejipumzisha chumbani kwake juu kabisa, akamwambia kwamba baba yake ameuawa. Mwili wa Abby uligunduliwa muda mfupi baadaye.

Siku hiyo sehemu kubwa ya polisi wa Fall River walikuwa nje ya mji katika matembezi yao ya kila mwaka. Watu waliingia na kutoka ndani ya nyumba na ua wake kabla ya ulinzi wa maana kuwekwa. Wengine miongoni mwao walikuwa waandishi wa habari, jambo ambalo lingekuja kuwa na uzito mahakamani.

Lizzie alieleza kwamba wakati baba yake anauawa, yeye alikuwa bandani nyuma ya nyumba akitafuta vipande vya risasi vya kutengenezea chubwi za mshipi wa kuvulia samaki. Polisi hawakuridhika. Mfanyakazi wa duka la dawa alidai kwamba siku moja kabla ya mauaji Lizzie alitaka kununua asidi ya prusiki, ambayo ni sumu kali. Jumapili iliyofuata alichoma gauni lake jikoni mbele ya rafiki yake, akisema lilikuwa limechafuka rangi. Agosti 11 alitiwa mbaroni.

Hapo ndipo magazeti yalipochukua nafasi yake. Fall River ulikuwa na magazeti yasiyoelewana, na kila moja lilikuwa na watu wake. Daily Globe, lililosomwa zaidi na wafanyakazi wenye asili ya Ireland, lilimwandama Lizzie tangu siku za mwanzo. Evening News, lililopendwa na familia za wenye viwanda, lilikuwa upande wake. Msomaji wa leo anayefungua gazeti moja tu kati ya hayo atapata picha iliyokamilika na yenye kushawishi. Akifungua la pili, atapata picha nyingine kabisa, nayo imekamilika vilevile.

Mwishoni mwa Agosti, Lizzie akiwa bado mahabusu katika kituo cha polisi, zilichapishwa habari kwamba mlinzi wa kike wa kituo hicho alimsikia akigombana na Emma na kumlaumu kwamba amemsaliti. Kwa upande wa mashtaka, habari hiyo ilikuwa karibu sawa na kukiri kosa. Siku chache hazikupita, mlinzi huyo akadaiwa kuikana mbele ya marafiki wa familia na hata mbele ya waandishi, na kwamba alikuwa tayari kutia saini hati ya kukanusha kama mkuu wa polisi asingemzuia. Katika kesi kuu aliapa kwamba ugomvi ulitokea. Upande wa utetezi nao ukaleta mashahidi, wakiwamo waandishi wa habari, walioapa kwamba aliwaambia hakuna ukweli katika habari hiyo. Watafiti wanaoutaja ugomvi huo leo kama jambo lililothibitika, na wako wengi, wanachukua nusu moja ya kumbukumbu na kuiacha nyingine.

Lakini kilele cha yote kilikuwa Oktoba 10, 1892. Gazeti la Boston Globe lilitoka likiwa na habari ndefu iliyodai kufichua ushahidi wote wa serikali. Walitajwa mashahidi 25, kwa majina na mahali wanapoishi. Mmoja alidaiwa kumwona Lizzie dirishani mwa chumba alimouawa Abby, kichwa kikiwa kimefunikwa. Wengine walidaiwa kusikia baba na binti wakigombana usiku wa kuamkia mauaji. Zaidi ya hayo, gazeti lilidokeza kwamba Lizzie alikuwa mjamzito na kwamba baba yake alikuwa amegundua. Kwa mwanamke wa kanisa asiyeolewa, katika mji wa aina ile, shutuma hiyo peke yake ilitosha kumzika akiwa hai.

Habari yote ilikuwa ya kutungwa. Mwandishi wake, Henry Trickey, alikuwa ameinunua kutoka kwa mpelelezi binafsi, Edwin McHenry, kwa bei iliyotajwa kuwa dola 500, na kwa hofu ya kupitwa na magazeti mengine haikukaguliwa. Waliokwenda kuwatafuta mashahidi hao hawakuwaona, na anwani nyingine hazikuwa na nyumba. Katika muda wa siku mbili gazeti lilikiri kwamba limedanganywa, likamwomba radhi Lizzie waziwazi katika ukurasa wa mbele. Trickey alishitakiwa kwa kuhusika na jambo hilo, akakimbilia Canada, na kabla ya mwaka kwisha aligongwa na treni huko Hamilton, Ontario, akafa.

Funzo ambalo wachunguzi wa kumbukumbu wamelipata hapo ni la kiufundi zaidi kuliko la kimaadili. Nakala za Oktoba 10 hazikuteketezwa. Zilisambaa, zikanukuliwa na magazeti ya miji mingine, na si kila lililonukuu lilichapisha pia masahihisho kwa ukubwa ule ule. Mtu anayekutana na habari ile peke yake, bila nakala za siku mbili zinazofuata, ana mbele yake majina, anwani, saa na mazungumzo, yaani kila kitu ambacho kwa kawaida humfanya msomaji aamini.

Kesi kuu ilifunguliwa Juni 5, 1893, mjini New Bedford, mbele ya majaji watatu na baraza la waamuzi la wanaume 12. Waendesha mashtaka walikuwa Hosea Knowlton na William Moody, ambaye miaka 13 baadaye angekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Lizzie alitetewa na wakili wa familia, Andrew Jennings, akishirikiana na Melvin Adams na gavana wa zamani wa Massachusetts, George Robinson. Siku chache kabla, mwishoni mwa Mei, msichana mwingine wa Fall River, binti wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliuawa kwa shoka nyumbani kwao. Magazeti yaliyalinganisha mauaji hayo na yale ya akina Borden, na wengi wakaanza kuamini kwamba muuaji halisi yuko huru. Mhamiaji kutoka Ureno alikamatwa na baadaye akapatikana na hatia. Ilithibitika kwamba Agosti 1892 alikuwa hajafika Marekani.

Miongoni mwa waandishi waliojaa mahakamani alikuwamo Joseph Howard, aliyeiandikia Boston Globe na ambaye makala zake zilisomwa nchi nzima. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Howard alighushi tangazo la Rais Abraham Lincoln la kuita askari zaidi kwa lengo la kupandisha bei ya dhahabu, magazeti mawili ya New York yakalichapisha, naye akawekwa kizuizini. Miaka 29 baadaye gazeti lililotoka kuaibishwa na habari ya kughushi lilimtegemea mtu huyo. Haki imtendekee: hakuna ajuaye kuwa alighushi lolote New Bedford. Alichofanya ni kumsifu mshitakiwa, sura yake na utulivu wake, kwa namna iliyowafanya wasomaji wamhurumie.

Waandishi hawakubaki kuwa watazamaji. Polisi mmoja alitoa ushahidi kwamba siku ya mauaji alipanda darini bandani, akakuta vumbi halijakanyagwa, kwa hiyo Lizzie hakuwa amefika huko. Utetezi ukawaita vijana wawili pamoja na mwandishi wa Evening News, ambao walisema kulikuwa na watu ndani ya banda hilo kabla ya polisi huyo. Nani alitangulia, kwa dakika ngapi, hakuna aliyeweza kulimaliza. Lakini ushahidi huu una sifa moja ambayo habari za gazeti hazina. Ulitolewa kwa kiapo, na upande wa pili ulipewa nafasi ya kuuhoji.

Juni 12 ilikuwa siku ya uamuzi mkubwa. Kati ya Agosti 9 na 11, 1892, kabla ya kukamatwa, Lizzie alihojiwa kwa kina na Knowlton mbele ya hakimu katika uchunguzi wa vifo, bila wakili wake kuruhusiwa kuwepo, na katika siku ambazo daktari alikuwa akimpa mofini ili kumtuliza. Majibu yake yaligongana. Mara alikuwa jikoni baba yake aliporudi, mara ghorofani, mara chini tena, na muda aliosema alikaa bandani akila mapeasi uliwashangaza wengi. Waendesha mashtaka walitaka majibu hayo yasomwe mbele ya baraza. Majaji walikataa, kwa hoja kwamba hati ya kumkamata ilikuwa tayari imeandaliwa, hivyo kwa hali halisi hakuwa mtu huru alipohojiwa. Siku chache baadaye walikataa pia ushahidi wa duka la dawa.

Siku hiyo hiyo ya Juni 12, gazeti la New Bedford Evening Standard lilichapisha mahojiano hayo. Kwa maneno mengine, mkazi yeyote wa New Bedford mwenye senti chache mfukoni aliweza kusoma kile ambacho wanaume 12 waliopewa kazi ya kuamua walizuiwa kukisikia.

Kwa mtafiti, ukurasa huo wa gazeti una thamani kubwa kuliko maelfu ya kurasa nyingine zilizoandikwa juu ya Lizzie. Nakala asilia ya karani wa hati mkato ilipotea, na kwa miongo mingi kila aliyetaka kumsikia Lizzie akijieleza mwenyewe alilazimika kumsikia kupitia Evening Standard. Je, unaaminika? Dalili ni kwamba kwa kiasi kikubwa ndiyo. Maandishi hayo ni swali na jibu, swali na jibu, marefu, yenye kujirudia na kuchosha, yasiyo na mwanzo wa kuvutia wala mwisho wa kusisimua. Mhojaji anapoteza subira, mhojiwa anasahau na kujisahihisha. Hakuna mtunzi anayetunga vitu vya namna hiyo ili auze gazeti. Habari ya Trickey, kwa upande wake, ilipangwa kama mchezo wa kuigiza, kila shahidi akiingia kwa wakati wake. Hata hivyo, Evening Standard lilipangwa kiwandani kwa haraka ya siku moja, na pale ambapo jibu la Lizzie linategemea neno moja, hakuna awezaye kuapa kwamba neno hilo lilitoka kinywani mwake na si mkononi mwa mpangaji herufi.

Juni 20, baada ya kujadiliana kwa takriban saa moja na nusu, baraza lilitamka kwamba Lizzie hana hatia. Kishoka kisicho na mpini kilichokutwa chini ya nyumba hakikuthibitishwa kuwa silaha ya mauaji, na hakuna aliyekuwa amemwona Lizzie na tone la damu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kushitakiwa.

Yeye na Emma walirithi mali ya baba yao na kununua nyumba kubwa kwenye mtaa wa kilimani, ambayo aliiita Maplecroft. Alianza kujiita Lizbeth. Waliokuwa wakimuunga mkono kanisani walimwepuka, akaacha kwenda ibadani. Daily Globe halikumsahau. Kwa miaka mingi, kila ifikapo Agosti 4, liliandika makala ya kumbukumbu yenye kejeli, bila kumtaja muuaji kwa jina lakini kwa namna ambayo hakuna mkazi wa Fall River aliyeshindwa kuelewa.

Mwandishi wa gazeti hilo, Edwin Porter, alitoa kitabu mwaka 1893 kilichokusanya habari za kesi kutoka mtazamo wa upande wa mashtaka. Ilienea kwamba Lizzie alinunua nakala zote na kuzichoma. Hadithi hiyo haina msingi, kwani nakala zilibaki maktaba na kitabu kikachapishwa upya, lakini waandishi waliofuata walikichota bila kukichuja, akiwamo Edmund Pearson, aliyeandika maarufu juu ya kesi hiyo mwaka 1924. Mwaka 1961 Edward Radin alimshutumu Pearson kwa kuacha yaliyomfaa mshitakiwa, kisha naye akamtwisha lawama Bridget Sullivan, ambaye hakuwahi kushitakiwa kwa lolote.

Emma aliondoka Maplecroft mwaka 1905 na dada hao hawakuishi pamoja tena. Magazeti yalihusisha kutengana huko na urafiki wa Lizzie na mwigizaji Nance O'Neil, ingawa Emma mwenyewe hakutoa maelezo kamili. Mwaka 1913 gazeti la Boston lilichapisha mahojiano yaliyodaiwa kuwa yake, ambamo alimtetea mdogo wake dhidi ya tuhuma za mauaji.

Lizzie Borden alifariki dunia Juni 1, 1927, akiwa na umri wa miaka 66. Emma alimfuata siku tisa baadaye. Wote wamezikwa katika makaburi ya Oak Grove mjini Fall River, kando ya baba yao, mama yao na Abby. Katika wosia wake Lizzie aliacha dola 30,000 kwa chama cha kuokoa wanyama cha mji huo, na dola 500 za kulitunza daima kaburi la baba yake.